Kufundisha sehemu shule ya msingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi na wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani. Istilahi ni zile za vitabu vya Tanzania: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Kitu chote kinachogawanywa tumekiita kizima, na kila kinachopatikana baada ya kugawa tumekiita kipande, ili neno "sehemu" libaki kwa namba yenyewe.

Mtoto aanze lini, na aanze na sehemu zipi?

Ameshaanza kabla hajafika shule. Anajua nusu chapati, anatumwa dukani sukari robo kilo, anasikia saa mbili na nusu. Tatizo ni kwamba nusu yake bado haina kipimo: kwake kuna nusu kubwa na nusu ndogo, naye anaitaka ile kubwa. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuikaza nusu iwe kimoja kati ya vipande viwili vilivyo sawa, basi. Vikipishana, hakuna nusu hapo.

Baada ya hapo fuata mkono, usifuate mpangilio wa namba. Karatasi ikikunjwa mara moja inatoa nusu, mara mbili inatoa robo, mara tatu inatoa moja ya nane. Kwa hiyo 1/2, 1/4 na 1/8 zitangulie. Theluthi ni ngumu kuipata kwa kukunja, kwa hiyo ije baadaye ikifuatana na moja ya sita. Moja ya tano na ya kumi ziwe za mwisho. Mwalimu anayekwenda 1/2, 1/3, 1/4, 1/5 kwa kuwa ndivyo namba zinavyofuatana atajikuta wiki ya kwanza tu anahangaika na theluthi zilizopinda.

Madarasa mawili ya mwanzo yatoshe kwa nusu na robo, kwa mikono na kwa mdomo. Kuandika kusubiri.

Kwa nini mtoto aliyekuwa hodari wa namba nzima anakwama hapa?

Kwa sababu alichojifunza kwenye namba nzima, na akasifiwa kwacho, hapa kinamponza. Huko, 8 inazidi 4 siku zote. Huku, 1/8 ni ndogo kuliko 1/4. Huko, baada ya 3 inakuja 4 na katikati hamna kitu. Huku, katikati ya 1/4 na 1/2 mna sehemu zisizohesabika. Huko, kuzidisha kunakuza. Huku, 8 × 1/2 inatoa 4.

Kosa kubwa zaidi ni kuiona sehemu kama namba mbili zilizopandana. Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa nchini Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa 12/13 + 7/8 inakaribia ngapi, wakapewa wachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia 1, kwa hiyo jibu ni 2. Waliolipata walikuwa asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha za juu au za chini. Watoto hao walikuwa wameshafundishwa kanuni za kujumlisha sehemu. Walichokosa ni kujua 12/13 ina ukubwa gani.

Kizima kina umuhimu gani hasa?

Ndicho kila kitu. Robo haina ukubwa mpaka useme robo ya nini. Robo ya tikiti inaweza kushinda nusu ya chungwa, na mtoto anayesema hivyo yuko sahihi. Kila unapotaja sehemu katika wiki za mwanzo, taja na kizima chake: robo ya ukanda huu, nusu ya daftari hili.

Kanga ni mfano mzuri kwa sababu kizima chake hubadilika. Kanga moja ni kizima ukiizungumzia kama nguo, lakini ukinunua kwa doti, kanga hiyohiyo ni nusu, maana doti ni kanga mbili. Vipimo vya zamani vya nafaka vinafanya kazi hiyohiyo: vibaba vinne ni pishi moja, kwa hiyo kibaba ni 1 au 1/4 kutegemea unapima kwa nini. Mwulize mtoto: "Hii ni nusu ya nini?" Asipoweza kujibu, bado hajafika kwenye sehemu, hata kama anaweza kuandika 1/2 kwa mwandiko mzuri.

Nitengeneze vifaa gani, na kwa vipimo vipi?

Ukifanya kimoja tu, fanya kanda za karatasi zenye urefu wa sentimita 24. Urefu huo umechaguliwa kwa sababu 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila masalio, na mtoto anaweza kupima kwa rula ya kawaida.

Chukua karatasi ya A4 (sm 21 kwa 29.7). Kata upande mrefu ubaki sm 24. Upande wa sm 21 ugawe katika kanda za upana wa sm 3, utapata saba kamili. Ukanda wa kwanza uache mzima. Wa pili ukate katika vipande vya sm 12, wa tatu sm 8, wa nne sm 6, wa tano sm 4, wa sita sm 3, wa saba sm 2. Hapo una kizima, nusu, theluthi, robo, moja ya sita, moja ya nane na moja ya kumi na mbili kutoka karatasi moja. Moja ya tano ni sm 4.8 na moja ya kumi ni sm 2.4. Hizo ziongeze mtoto akishajua kusoma milimita.

Karatasi iliyoandikwa upande mmoja inafaa kabisa. Manila inadumu zaidi lakini si lazima. Jambo moja linaloharibu vifaa hivi ni vipimo vya haraka-haraka: theluthi tatu zikipungua milimita tatu, mtoto ataona kwa macho yake kwamba 3/3 haifiki 1, na ataamini macho yake kuliko wewe. Pima zote kwanza, kata baadaye.

Jambo la pili: usiandike "1/4" juu ya kipande cha sm 6. Ukiandika, jina hilo linagandamana na karatasi, na siku utakapotaka kuonyesha kwamba kipande hichohicho ni nusu ya kile cha sm 12, mtoto atakataa. Lazima uandike? Tumia penseli, upande wa nyuma.

Sina rula za kutosha. Watoto watagawaje ukanda mara tatu au mara tano?

Mistari ya daftari inatosha. Funua daftari kurasa mbili ziwe wazi. Weka kona moja ya ukanda juu ya mstari wowote, huo ndio sifuri. Inamisha ukanda mpaka kona ya pili iguse mstari wa 20 kutoka hapo. Sasa tia alama kila baada ya nafasi 4. Umegawa mara tano. Ukitaka theluthi, gusa mstari wa 18 na tia alama kila baada ya nafasi 6. Mistari ya daftari ina umbali sawa, kwa hiyo hata ukanda ukiwa umelala mshazari, vipande vinatoka sawa.

Wanaokosea hapa ni wale wanaoanza kuhesabu "moja" kwenye mstari wa kuanzia. Kinachohesabiwa ni nafasi. Kosa hilohilo litajitokeza tena kwenye mstari wa namba, kwa hiyo ni afadhali likutwe mapema.

Chapati na machungwa si vinatosha?

Kwa nusu na robo vinatosha, tena vinanogesha somo. Kwa theluthi na moja ya tano, duara ni adui: kukata duara mara tatu sawa kunahitaji pembe za nyuzi 120, jambo ambalo hata mtu mzima halifanyi kwa jicho. Mtoto akichora duara na kulipiga mistari miwili ya wima, ataita kile kipande cha katikati theluthi, na kimezidi kwa mbali. Tena vipande vya duara ni vigumu kuvilaza pamoja kuona kama 2/3 inazidi 3/5. Kanda zinalazwa tu.

Chungwa lina kasoro nyingine. Likishaliwa, kizima kimepotea.

Lini sasa niandike 3/4 ubaoni?

Mtoto akishaweza kusema na kuonyesha bila kuandika: "Nimegawa mara nne sawa, nimechukua vipande vitatu." Maandishi yafuate maneno hayo kwa mpangilio wake. Anza na mstari, andika asili chini, ndipo kiasi juu. Watoto wengi huandika kutoka juu na kubaki hawajui namba ipi ni ipi. Anayeanza chini anafuata tendo lenyewe: kwanza unagawa, halafu unachukua.

Asili inataja aina ya vipande, kiasi kinataja idadi. Sema hivyo kila mara, kwa sababu ndiyo inayokuja kueleza kwa nini robo mbili na robo moja ni robo tatu, kama vile maembe mawili na embe moja ni maembe matatu. Mstari wa mlalo katikati umetumika tangu karne ya 12 kwa wanahisabati wa Maghreb, ila hilo watoto si lazima walijue.

Kosa la kawaida la mwanzo: mchoro una vipande 8, vitatu vimetiwa kivuli, mtoto anaandika 3/5. Amehesabu vyenye kivuli juu na visivyo na kivuli chini. Usimwambie tu "si sahihi". Mwulize kizima kina vipande vingapi, naye afuatishe kidole akihesabu, pamoja na vile vyenye kivuli.

Tuseme "theluthi" au "moja ya tatu"?

Vyote viwili, kwa zamu. Nusu, theluthi na robo ni maneno ya kila siku, na "robo tatu" inasikika waziwazi kuwa ni robo zilizohesabiwa, jambo linalosaidia sana. Kuanzia tano kwenda mbele, shule nyingi hutumia "moja ya tano", "moja ya sita", na hakuna hasara. Angalia tu "mbili ya tatu": wapo watoto wanaosikia vitu viwili kati ya vitatu, hata kama vitu hivyo havilingani. Kwao sema "theluthi mbili" mpaka wazoee.

Mwanafunzi anashikilia kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4. Nifanyeje?

Usimpe kanuni ya "asili ikikua sehemu inapungua". Ataikariri, na wiki ijayo ataitumia kwenye 7/8 na 1/4 aseme 1/4 imezidi. Mpe kanda mbili. Moja aikunje mara mbili, nyingine mara tatu, kisha afunue na kulinganisha kipande kimoja kimoja. Halafu mwulize: "Mkate mmoja tukigawana wanne, na mkate mwingine wa ukubwa uleule tukigawana wanane, utapenda kukaa kundi gani?" Jibu la swali hilo hakuna mtoto anayelikosa. Mwache aeleze mwenyewe sababu, ndipo mrudi kwenye maandishi.

Kulinganisha sehemu ni lazima kutafuta KDS?

Hapana. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote mbili, na kuikimbilia mapema kunaua makisio. Kuna njia nne za akili, na mtoto achague inayofaa.

Asili zikilingana, angalia kiasi: 5/9 inazidi 4/9. Kiasi kikilingana, angalia ukubwa wa vipande: 3/5 inazidi 3/7 kwa sababu kipande cha moja ya tano ni kikubwa kuliko cha moja ya saba. Zikitofautiana zote, pima kwa nusu: 3/7 haifiki nusu, maana nusu ya 7 ni 3 na nusu, 5/8 imepita nusu, kwa hiyo 5/8 imezidi. Zikikaribia moja zote mbili, angalia pengo: 5/6 imepungukiwa 1/6, 7/8 imepungukiwa 1/8, na pengo dogo ni la 7/8, basi 7/8 ndiyo kubwa. Hapa wapo wanaosema zinalingana kwa kuwa "zote zimebakiza kimoja". Waulize kimoja cha ukubwa gani.

3/5 na 4/7 hazikubali njia yoyote kati ya hizo kwa urahisi. Hizo ndizo za kutafutia asili moja: 21/35 na 20/35.

Sehemu zinazolingana nizielezeje bila kuwachanganya?

Kunja ukanda mara mbili upate robo nne, tia rangi tatu. Sasa kunja tena. Vipande vimekuwa 8, vyenye rangi ni 6, lakini rangi haijaongezeka hata chembe. 3/4 na 6/8 ni kiwango kimoja kilichokatwa tofauti: vipande vimezidi mara mbili, kila kimoja kimekuwa nusu ya awali.

Tahadhari mbili. "Zidisha juu na chini kwa 2" inasikika kama sehemu yenyewe imekuzwa mara mbili, kwa hiyo rudi kwenye ukanda uonyeshe kuwa urefu uko palepale. Na wapo wanaojumlisha badala ya kuzidisha: 1/2, ongeza 2 juu na 2 chini, wapate 3/4. Waweke nusu na robo tatu ubavu kwa ubavu, karatasi itawajibu.

Kurahisisha ni safari ya kurudi. 18/24 si lazima mtoto aijue KKS (kigawo kikubwa cha shirika, namba kubwa kuliko zote inayogawa 18 na 24) kuwa 6; akigawa kwa 2 apate 9/12, kisha kwa 3 apate 3/4, amefika. Kumkatia alama kwa sababu alipitia vituo viwili ni ukali usio na faida.

Mstari wa namba una ulazima gani?

Bila huo, sehemu inabaki kuwa rangi kwenye mchoro. Ni kwenye mstari tu mtoto anapoona 3/4 ina mahali pake kati ya 0 na 1 kama 5 ilivyo na mahali pake kati ya 4 na 6. Tumia ukanda wa sm 24 kama kipimo cha kutoka 0 mpaka 1, tia alama kwa vipande vyako, kisha usogeze mpaka ufike 2 na 3. Usiishie kwenye 1. Darasa lililozoea kuishia hapo litakuambia 5/4 haiwezekani.

Makosa ni mawili, na ni yaleyale kila mwaka. La kwanza, mtoto anayetakiwa kugawa mara nne anaweka alama nne katikati, anapata nafasi tano. Aambiwe ahesabu hatua, si alama. La pili, kwenye mstari wa 0 hadi 2, ukimwambia aweke 1/2 anaiweka kwenye 1, kwa sababu hapo ni nusu ya mstari. Amebadilisha kizima bila kujua. Mwonyeshe kwamba kizima ni umbali wa 0 hadi 1, hata mstari ukienda mpaka 100.

Mtoto ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Nianzie wapi?

Anzia kwenye jibu, si kwenye kanuni. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Umepata ngapi?"
"Mbili ya tano, Mwalimu."
"Haya, weka nusu yako juu ya dawati. Chini yake panga moja za tano mbili. Ipi ndefu?"
"Nusu."
"Ulianza na nusu, ukaongezewa theluthi nzima. Imekuwaje umepungukiwa?"

Sentimita 12 dhidi ya 9.6, haihitaji maelezo. Akishaona jibu lake haliwezekani, ndipo anataka njia. Aunge nusu na theluthi zipate urefu wa sm 20. Atafute kipande cha aina moja kinachojaza urefu huo kamili. Robo (sm 6) hakijazi, nane (sm 3) hakijazi, sita (sm 4) kinajaza, vipande vitano. Jibu ni 5/6. Halafu mwonyeshe kwamba nusu peke yake ni tatu za sita na theluthi ni mbili za sita. KDS ya 2 na 3 ni 6, na sasa KDS ina kazi anayoielewa: kutafuta kipande kinachopima vyote viwili.

Kosa hili lina chanzo ambacho walimu tunakipanda wenyewe. Tunaandika alama za mazoezi 7/10 na 8/10, halafu jumla 15/20. Mtoto anaona juu kwa juu, chini kwa chini, na ni sahihi! Ni sahihi kwa sababu hapo kizima kimebadilika kutoka maswali kumi kuwa ishirini. Kwenye kujumlisha sehemu kizima ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Mweleze tofauti hiyo waziwazi, au andika jumla ya alama kwa maneno: 15 kati ya 20.

Mpangilio wa mazoezi: kwanza asili zinazolingana (2/7 + 3/7), kisha asili moja ikiwa kigawe cha nyingine (1/2 + 1/4, 2/3 + 1/6), mwisho zisizohusiana (1/3 + 1/4). Hatua ya kati ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayofundisha wazo.

Sehemu guni na sehemu mchanganyiko?

Hesabu kwa mdomo kwanza: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, robo tano… Hakuna sababu ya kusimama kwenye nne. Robo saba ni 7/4, sehemu guni, maana kiasi kimezidi asili. Nne zinafanya kizima, zinabaki tatu, yaani 1 3/4, sehemu mchanganyiko. Kurudi nyuma, kila kizima kinatoa robo nne.

Hatari kubwa iko kwenye mwandiko. Katika daftari la miraba, namba nzima ikae katikati, usawa wa mstari wa sehemu, na sehemu itumie miraba miwili kwenda juu. Mtoto akibana 2 1/3 inageuka 21/3, ambayo ni 7. Na jibu likiwa sehemu guni lililo katikati ya hesabu, liachwe hivyohivyo. Kuligeuza na kulirudisha kunaongeza nafasi ya kukosea tu.

Sehemu ya kundi la vitu niifundisheje?

Trei ya mayai. Ina mayai 30, mistari 5 ya mayai 6, na unaweza kutumia trei tupu ukajaza vizibo vya soda. Moja ya tano ni mstari mmoja, mayai 6. Moja ya sita ni mstari wa upande wa pili, mayai 5. Theluthi ni 10, mbili za tano ni 12, tano za sita ni 25. Mtoto agawe kwa asili, kisha azidishe kwa kiasi, lakini aone mistari kwanza.

Anayekosea atachukua mayai 3 akiulizwa theluthi, kwa sababu ameiona 3. Mwambie agawe mayai yote kwa watu watatu.

Kisha uliza robo ya trei. Inatoka 7 na nusu, na darasa litabishana kama yai linagawanyika. Wabishane. Lita 30 za maji zingegawanyika bila ubishi.

Kuzidisha na kugawanya kwa sehemu?

Zije mwisho, na kanuni ya kupindua (kugeuza sehemu ya pili juu chini kisha kuzidisha) isitangulie maana. Nusu ya robo: kunja robo katikati, linganisha na kizima, ni 1/8. Kugawanya: 3 ÷ 1/4 isomwe "robo ngapi zimo ndani ya 3?" Kilo 3 za sukari zikifungwa robo robo ni pakiti 12. Mtoto aliyefunga pakiti hizo hashangai jibu kuwa kubwa kuliko 3. Alinganishe na 1/2 ÷ 4, nusu kilo kwa watu wanne, ili asidhani kugawanya kwa sehemu na kugawanya sehemu ni kitu kimoja.

Darasa langu lina wanafunzi themanini. Haya yote yanawezekana?

Seti moja kwa dawati. Wakikaa watatu watatu ni seti 27, yaani karatasi 27 zilizokwishatumika, na waliomaliza kazi wakate za wenzao. Kila seti ifungwe kwa uzi na ihesabiwe inaporudi: vipande 36, pamoja na kizima. Kipande kimoja kikipotea, somo la dawati hilo limeharibika.

Kwa darasa zima, funga kamba ya mita 3 ukutani, kila mita ikiwa kizima kimoja. Andika sehemu kwenye kadi, watoto wazibane kwa vibanio vya nguo mahali pake. 1/2, 2/4 na 4/8 zitadai mahali pamoja, basi zining'inie moja chini ya nyingine. Kamba inalegea, ikaze kabla ya kupima.

Mzazi asiyekumbuka KDS anaweza kusaidia nini?

Mengi, kwa sababu KDS si kazi yake. Amwachie mtoto agawe chapati kwa watu watatu. Amwulize noti ya shilingi 1,000, robo yake ni ngapi, na robo tatu je. Amtume apime unga vikombe viwili kwa kutumia kikombe cha nusu. Kama shule inafundisha kwa Kiingereza, Kiswahili cha nyumbani hakimchanganyi. Maana ikishashikwa, jina la pili linajifunzwa haraka. Asichofaa kufanya ni kumpa njia ya mkato aliyoikariri yeye bila kueleza inatoka wapi.

Nitajuaje kuwa ameelewa, hajakariri?

Mpe maswali manne, kwenye karatasi tupu, bila mfano.

Chora mstatili, tia kivuli theluthi moja. (Vipande visipolingana, bado nusu kubwa na nusu ndogo.) Ipi kubwa, 1/5 au 1/3, na kwa nini? (Sababu ina uzito kuliko jibu.) Kipande hiki cha sm 5 ni robo, chora kizima chake. Kwenye mstari wa 0 hadi 3, weka 3/2.

La tatu ndilo linalochuja. Aliyekariri kutia kivuli hajui pa kuanzia; aliyeelewa anachora sm 20 bila kusita. Akikosa hilo au la kwanza, arudi kwenye kanda hata kama yuko darasa la tano. Akikosa la nne peke yake, anahitaji kamba ya ukutani kwa siku chache. Rudia baada ya wiki mbili kwa namba nyingine, na safari hii kipande kiwe 2/3, si robo.